Maneno Niliyoyapunguzia Bei

Jambo lile liligharimu vitu vitatu: nafasi moja ya kusoma chuo cha Biblia, darasa la wanawake thelathini na mmoja, na urafiki. Nimehesabu mara mbili, bado ni vitatu. Viwili vya kwanza alilipa mwenzangu, cha tatu tukagawana. Mimi nilirudi nyumbani na sifa, na chupa ya fanta niliyopewa na wazee. Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia watu wa kanisa letu wakisema Mama Konsolata ana ulimi laini, usiitikie haraka. Ngoja kwanza nikueleze ulaini huo ulivyotumika.

Siku yenyewe naikumbuka mpaka jasho lake. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, lile joto la Bujumbura linalokuja kabla ya mvua, ukikaa tu kwenye kiti gauni linakuganda mgongoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku za kazi niliuza vitenge katika duka dogo la mtaa wa Bwiza, na Jumapili nilikuwa mkalimani wa kanisa. Unajua ibada zetu zilivyo, hazijabadilika: mhubiri anasema sentensi moja, anasimama, mkalimani anaitoa kwa lugha ya pili, Kirundi kwenda Kiswahili au Kiswahili kwenda Kirundi, kutegemea nani anahubiri. Mimi Kirundi nilipewa na mama yangu, Kiswahili nilipewa na mtaa, na hakuna mteja aliyewahi kunishinda kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Basi nikaruhusiwa kupanda mimbari. Liangalie vizuri hilo. Miaka ile mwanamke alipanda pale kwa sababu tatu tu: kufagia, kuweka maua, na kutafsiri maneno ya mwanaume. Mimi nilikuwa wa sababu ya tatu, na nilijivuna kana kwamba Roho Mtakatifu alinishauri kabla ya kushuka.

Rafiki yangu aliitwa Eufrazia. Alitoka mkoa wa Ngozi, akanizidi miaka sita. Asubuhi alifundisha shule ya msingi. Jumatano na Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alifundisha wanawake wa kanisa kusoma, katika kile chumba cha pembeni ambamo leo mnawekea vyombo vya muziki. Alianza na wanne. Ubao wake ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi. Walipofika thelathini na mmoja, wengine wakawa wanakaa chini juu ya mikeka, na kitabu cha kusomea kilikuwa Biblia, kwa sababu ndicho kitabu pekee ambacho kila mmoja aliweza kukiazima.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mtu akishajua kusoma, anasoma. Siku moja mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alimfuata mzee wa kanisa baada ya ibada, kwa heshima zote, mikono kifuani, akamuuliza kwa nini mahubiri yaliruka aya mbili katikati. Mzee alicheka. Lakini Jumapili iliyofuata niliona wazee wanatazama chumba cha pembeni kama mtu anavyotazama sufuria iliyoanza kutikisa mfuniko.

Mimi na Eufrazia tulifundishana. Yeye alininyooshea mwandiko, mimi nikampa Kiswahili. Darasa letu lilikuwa dukani kwangu, kati ya wateja. Kwa hiyo Kiswahili chake chote kilikuwa cha kitenge: rangi, mita, punguza, ongeza, bei ya mwisho. Ukimpeleka nje ya duka, alipotea. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka ule kanisa letu lilipewa nafasi moja katika chuo cha Biblia kilichokuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Miaka miwili ya masomo, na ukirudi una cheti cha kufundisha na kuhubiri. Mzee mchungaji aliyesimamia chuo alikuja mwenyewe kuchagua. Kijana mmoja wa kwaya aliomba. Eufrazia naye akaomba, kwa barua safi ya ukurasa mmoja. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuomba, na barua haikuwa na kosa la kushikia. Kwa hiyo wazee hawakumkatalia. Walimwita aje aseme mbele ya mgeni.

Mgeni alijua Kiswahili na Kifuliiru cha kwao. Kifaransa chake kilikuwa cha salamu, Kirundi hakujua kabisa. Eufrazia angesema Kirundi, mimi ningetafsiri. Wazee walikuwa saba, na wote saba walijua lugha zote mbili. Nilihesabu siku ile, na nimehesabu tena mara nyingi tangu hapo.

Kabla sijaingia, Mzee Onesforo, mwenyekiti, alinivuta pembeni ya mlango. Sitaki umfikirie vibaya haraka. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mama yangu, ndiye aliyenipa kazi ya ukalimani wakati wengine walisema mimi ni mutoto wa dukani.

"Konso mwanangu," akaniambia, "huyu dada anasemaka kwa ukali. Mugeni ni mutu muzima. Ulainishe kidogo."

"Ndiyo, Baba."

"Kidogo tu. We unajua."

Nilijua, mwanangu. Kulainisha ndiyo kazi iliyokuwa inanilisha. Mteja akikunja uso, unajua senti ngapi zitamkunjua.

Tuliingia. Meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, mgeni katikati, katibu na daftari lake mwisho wa meza. Eufrazia alisimama mbele yao, mikono nyuma, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Mimi nikasimama hatua moja kushoto kwake, mahali pa mkalimani.

Akasema kwa Kirundi, polepole, ili nimpate vizuri:

"Nimefundisha wanawake thelathini na mmoja kusoma katika kanisa hili. Vijana wawili waliopelekwa chuoni kabla yangu hawakurudi kufundisha hapa hata siku moja. Siombi nafasi hii kama zawadi. Naiomba kwa sababu kazi yenyewe tayari naifanya."

Zamu yangu. Na mimi, mbele ya Mungu na kitambaa cha plastiki, nikasema kwa Kiswahili:

"Baba Mchungaji, anashukuru sana kanisa kwa kumwachia darasa. Anasema wazee wakiona inafaa, siku moja atafurahi kujifunza zaidi."

Wazee saba walisikia maneno yake, wakasikia yangu, wakaona umbali kati ya hayo mawili, na hakuna hata mmoja aliyeinua kidole. Mgeni akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Eufrazia akaendelea: "Kama jibu ni hapana, naomba sababu isemwe hapa, mbele yangu, niisikie kwa masikio yangu."

"Anasema yuko tayari kupokea uamuzi wowote, Baba."

Hapo ndipo alipogeuka kunitazama. Kumbuka nilimfundisha Kiswahili mwenyewe. "Siku moja" alilijua, kwa sababu kila siku dukani nilikuwa nawaambia wasio na hela: mtakuja siku moja. "Wowote" alilijua pia: chukua rangi yoyote, kitenge chochote. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha kujua kwamba ameibiwa, ila hakuwa nacho cha kutosha kumwita mwizi.

Akaniambia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, "Konso, sivyo nilivyosema. Rudia."

Mgeni akainama mbele. "Anasema nini, dada yangu?"

Mwanangu, nilikuwa na nafasi pale. Sentensi ya kwanza ungeweza kuiita bahati mbaya. Ya pili, tuseme hofu. Lakini hii ya tatu niliulizwa waziwazi na mtu mwenye macho mema, na jibu lilikuwa limesimama hatua moja kulia kwangu.

Nikasema, "Anashukuru, Baba."

Eufrazia akafungua mdomo. Akatafuta. Nikamwona anatafuta kwenye mita na rangi na bei, hapati kitu. Akasema, "Apana..." na kabla hajapata neno la pili Mzee Onesforo akasimama, akafumba macho, akasema, "Tuombe."

Unajua desturi yetu. Mzee akishasema tuombe, hata anayekufa anangoja amina. Sala ilikuwa ndefu. Kati ya watu wote mle ndani, wawili tulikuwa macho wazi, yeye na mimi.

Baada ya amina mgeni alipangusa paji la uso kwa leso. "Huyu mama ana roho ya kungojea," akasema, amefurahi kweli. "Ni roho nzuri. Basi nafasi tumupe yule kijana wa kwaya, maana yeye ana haraka." Wazee wakacheka. Katibu akaandika. Nikapewa fanta.

Uani Eufrazia alikuwa ananingoja. Sikuwa nimeimaliza ile fanta, nikawa sijui niiweke wapi.

"Nilitaka kukusaidia," nikamwambia. "Ungesema vile, wangekukataa."

"Wangenikataa mimi," akasema. "Sasa wamemkataa nani?"

Nikaihamishia chupa mkono wa pili.

"Yule mtu mpole uliyemtengeneza pale ndani, Konso, mimi simjui. Lakini ameandikwa kwenye daftari kwa jina langu."

Akaondoka. Nilitaka kumkimbilia, ila nilikuwa na chupa ya watu mkononi na ilibidi kuirudisha. Ndivyo nilivyojitetea wakati ule. Bei ya chupa tupu ni ndogo sana, mwanangu, nimewahi kuiulizia.

Kesho yake, Jumamosi, nilimsimulia Mama Zuena. Alikuwa jirani yangu wa duka, Mwislamu, mtu wa Bwiza tangu babu zake, akiuza kofia, manukato na udi. Nilimsimulia ili anifariji. Nilichagua mtu ambaye si wa kanisa, nikidhani atakuwa nafuu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anapanga kofia zake moja ndani ya nyingine. Kisha akasema:

"We Konso. Nikikutuma uniuzie kitenge, nikakwambia bei ni elfu ishirini, apana kupunguza. Mutu anakuja, we unamwambia elfu tano. Anabeba, anaenda. Mi nikirudi, utaniambia nini?"

"Nitakuambia nimekiuza, Mama."

"Na mi nitakwambia umeniibia. Bei ilikuwa yangu."

"Lakini kwa elfu ishirini asingenunua!"

"Si angeacha! Angeacha, kitenge kingebaki kwangu, na bei angeenda nayo mu kichwa. Kesho anarudi, ao anamwambia mwenzake. Sasa we umemwonyesha mutaa muzima kama kitenge yangu ni ya elfu tano. Nitauza ya pili na sura gani?"

Nikaanza kulia. Mama Zuena hakuwa mtu wa kuhesabu machozi. Akaziweka kofia chini.

"Mi mambo ya kanisa yenu siyajue, na sitaki kuingia mu mambo ya watu. Ila wallahi, kinywa cha kuazima kinarudishwaka. Kesho si Jumapili? Si utasimama tena pale yulu, mu mimbari? Basi. Usinililie mi, nina wateja."

Nilikwenda nyumbani nikaandika sentensi moja kwenye karatasi, kwa ule mwandiko alioninyooshea Eufrazia mwenyewe. Ilisema hivi: "Baba Mchungaji, Ijumaa Mwalimu Eufrazia hakusema nilichokuambia; niliyapunguza maneno yake, na sasa nitakuambia aliyoyasema." Nikaikunja mara nne, nikaiweka ndani ya Biblia, na Jumapili asubuhi nikaenda nayo kanisani.

Kanisa lilijaa, kwa sababu mgeni alikuwa anahubiri kabla ya kurudi Uvira. Yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kirundi. Eufrazia alikaa benchi la tatu, wanawake wa darasa lake wamemzunguka, muuza ndagala mkono wa kulia. Nilipanga kusema kabla ya mahubiri, ila kwaya ilirefusha. Nikapanga kusema katikati, pumzi ikinirudia. Unajionea: hata siku ya kurudisha kinywa cha watu bado nilikuwa napatana na muda.

Mgeni alifika kwenye mfano wake. Akashika kingo za mimbari.

"Wapendwa, juzi Ijumaa niliona mama mumoja mu kanisa hii." Nikatafsiri. "Hakudai kitu." Nikatafsiri. "Alisema yuko tayari kupokea kila uamuzi. Wamama, muwe kama yeye."

Akasimama, akanigeukia, anangoja Kirundi.

Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Benchi la tatu lilikuwa karibu kiasi kwamba niliona uzi uliochomoka kwenye ukosi wa Eufrazia. Nne, tano. Mzee Onesforo alikohoa kidogo. Karatasi ilikuwa chini ya kidole changu gumba, ndani ya Zaburi. Sita, saba. Kina mama waliokuwa wanajipepea kwa vitambaa waliacha kujipepea, wakainua macho. Nane. Muuza ndagala alikuwa ananiangalia mdomoni, kama wanavyofanya wanaojifunza kusoma. Na mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu: nikiisoma karatasi hii, Jumapili ijayo atasimama nani hapa?

Tisa.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, safari hii bila kupunguza hata moja. Ndiyo tafsiri sahihi kuliko zote nilizowahi kutoa katika maisha yangu, na ilikuwa tafsiri ya uongo wangu mwenyewe.

Eufrazia alisimama. Aliingia chumba cha pembeni, akatoka na boksi la chaki na daftari la mahudhurio kwapani, akapita mbele ya mimbari, akaenda zake. Muuza ndagala akamfuata. Halafu mwingine. Walimfuata wanane, na nilihesabu mara mbili kwa sababu nilitamani wawe wachache zaidi.

Mgeni akaniinamia. "Wanaenda wapi?"

"Wana msiba, Baba," nikasema.

Hata hapo, mwanangu. Hata hapo nilikuwa na neno laini tayari.

Wale ishirini na watatu waliobaki walikuja Jumatano mbili, wakakuta chumba hakina mwalimu, wakaacha. Kabla ya mwezi kuisha chumba kilijaa viti vya harusi. Yule kijana wa kwaya alisoma miaka yake miwili, akapata kazi kwingine, hakurudi. Simlaumu, yeye aliomba nafasi akapewa. Mimi niliendelea kutafsiri miaka kumi na tisa. Nilisifiwa. Niliposhuka mimbarini kwa hiari yangu, walinipa kitenge, na kilikuwa kimetoka dukani kwangu.

Eufrazia alihamia upande wa Kibenga. Wale wanane walikuwa wanamfuata huko kwa basi kila Jumamosi. Alipofika miaka arobaini na kitu alijilipia masomo ya theolojia, katika chuo kimoja huko juu Mutanga Sud, akikaa darasa moja na vijana waliozaliwa wakati yeye anafundisha. Leo yeye ndiye anawafundisha wanaotaka kuwa wachungaji, wa kiume na wa kike. Kiswahili sasa anakijua kuliko mimi, anafundisha kwacho. Tangu siku ile tumekutana mara moja, kwenye mazishi ya Mzee Onesforo. "Amahoro, Konso," akanisalimu kwa Kirundi, akinitakia amani. "Amahoro," nikasema. Maneno matatu kwa miaka yote hiyo, na mawili ni yake.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Baraza la wazee siku hizi lina watu tisa, wanawake watatu, na mmoja wa hao watatu ni mimi. Vijana wenzako walipendekeza tumwalike Eufrazia ahubiri. Si kusalimia, si siku ya akina mama. Kuhubiri, Jumapili ya kawaida, mwanamke wa kwanza kusema maneno yake mwenyewe kwenye mimbari ile. Tulipiga kura, ikapita. Jumanne jibu lake lilifika, na katibu wetu, binti mwenye sauti kubwa kweli, akalisoma mbele yetu:

"Nitakuja. Nitahubiri kwa Kirundi. Mkalimani awe Konsolata. Kama si yeye, msinitafsiri."

Baraza likapiga makofi. Walidhani ni marafiki wa zamani wanaotaniana. Nami nikapiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza.

Sijui ananiitia nini. Huenda ni msamaha. Huenda anataka kanisa zima lisikie nikisema maneno yake kwa bei yake, mara moja, mbele yake, na akinipata nimepunguza hata moja atanisahihisha hapo hapo kwa Kiswahili safi. Zimebaki siku kumi na moja. Usingizi umenikimbia.

Kabla sijakuuliza swali langu, nikupe kwanza nilichonacho, maana sipendi kuomba mikono mitupu.

Mwanangu, utapewa maneno ya wengine uyabebe. Leo wanawake wengi mnakaa mahali ambapo sisi tulipita na fagio: mnaandika maamuzi ya vikao, mnatafsiri, mnapeleka ujumbe wa kina mama kwa wachungaji na wa wachungaji kwa kina mama. Ujumbe ukiwa mkali, upeleke ukiwa mkali. Kama unaona utamdhuru mwenyewe, mrudie yeye umwambie, apunguze kwa mkono wake au aache. Usimpunguzie njiani. Mwanamke aliyekaa miezi akipanga sentensi tatu amezipima kuliko wewe unavyozipima kwa dakika moja mlangoni.

Wakikupa kiti cha mbele, furahi, mimi nilifurahi sana. Lakini uliza unapewa kwa ajili ya nini. Kama kinakubakia kwa sharti kwamba mwenzako asisikike, hicho si kiti chako, umewekwa tu ukishikilie.

Na siku ukiwa upande wa wale wazee saba, umekaa tu, hukuulizwa, lakini lugha zote mbili unazijua na unasikia maneno yanavyosinyaa katikati: inua kidole. Hiyo tu. Kidole kimoja siku ile kingetosha, na mezani palikuwa na sabini.

Jifunze pia zaidi ya Kiswahili cha duka. Jifunze lugha ya vikao, ya barua, ya sheria za kanisa, hata kama inachosha. Siku utakayosema "apana," uwe na neno la pili karibu, na la tatu, kabla mtu hajafumba macho na kusema tuombe.

Mungu akupe sauti, na ikitetemeka aiache itoke hivyo hivyo. Akupe mwalimu anayebeba chaki zake mwenyewe, na jirani wa kukuambia ukweli huku anapanga kofia. Akulinde na sifa za bure. Watoto wako wa kike wasome aya zote, hata zilizorukwa. Amina.

Sasa swali. Ile karatasi bado ninayo. Imekunjwa mara nne, imeacha alama kwenye Zaburi, wino umefifia ila unasomeka. Niisome Jumapili hiyo, kabla Eufrazia hajafungua kinywa, ili kanisa lijue? Naogopa itakuwa nimemwibia tena: watu wamekuja kumsikia yeye, mimi nasimama mbele na habari zangu. Au ninyamaze kuhusu mimi, nitafsiri mahubiri yake yote bila kupunguza, niteremke? Naogopa hilo nalo, kwa sababu kunyamaza nimeshakuzoea na kunanikaa vizuri mno. Nimepima mara mbili, mizani haishuki upande wowote.

Wewe una miaka niliyokuwa nayo Ijumaa ile. Nishauri. Na tafadhali, mwanangu, usinilainishie.